Iko Minago

Ofisi ya vibali vya ujenzi ilifunguliwa saa mbili na robo asubuhi, siku ya Jumanne, na mtu wa kwanza kuingia alikuwa Speciosa. Kwapani alikuwa na dosiye yenye picha zake mbili ndogo, barua ya kugawiwa kiwanja, na mchoro wa nyumba uliochorwa kwa kalamu ya risasi. Alikuwa ametoka Minago kwa pikipiki tangu saa kumi na mbili ili asikute mtu mbele yake. Hakukuta mtu. Aliketi kwenye benchi, akafuta vumbi kwenye miwani, akasoma matangazo yote yaliyobandikwa ukutani, na kwa kuwa alikuwa mwalimu wa Kiswahili, akayasahihisha kimoyomoyo moja baada ya jingine.

Speciosa alikuwa na miaka hamsini na minne. Alivuka mpaka kwenda Tanzania mwaka sabini na mbili akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia kwenye makazi ya wakimbizi huko Tabora, akasoma, akafundisha, akazika wazazi wake wote wawili, halafu akarudi Burundi na Kiswahili kilichonyooka kiasi kwamba watu wa mwambao wa ziwa walimsikiliza kama wanasikiliza redio. Shamba la baba yake alilikuta na wenyewe: familia ya Mwasiti, mwanamke wa rika lake, ambaye wazazi wake walipewa shamba hilo likiwa halina mtu na hawakumdhulumu yeyote kwa kujua. Baada ya miaka ya kuitwa kwenye tume ya ardhi, kurudishwa na kuitwa tena, shamba liligawanywa. Mwasiti alibaki na michikichi. Speciosa alipata kipande cha mita ishirini kwa ishirini na tano, na wanawake hao wawili wakaanza kuazimana vyungu.

Barua ya kiwanja ilikuwa na sharti moja tu. Ndani ya miaka mitatu, mwisho wake tarehe thelathini Juni, pawe na nyumba ya kudumu, la sivyo kiwanja kirudi mikononi mwa komine, yaani halmashauri. Sasa ilikuwa Aprili ya mwaka wa tatu. Matofali alikuwa nayo, mabati alikuwa nayo, fundi alikuwa naye. Kilichobaki ni kibali, na kibali ni karatasi, na Speciosa hakuwahi kushindwa na karatasi maishani mwake.

Nyuma ya meza alikaa karani, msichana mpole aitwaye Agneta, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote waliowahi kukalia kiti kile. Mbele yake palikuwa na daftari kubwa la jalada jeusi. Maswali yake yalikuwa yameandikwa kwa Kifaransa, naye aliyageuza papo hapo.

"Amahoro, mama. Jina?"

Speciosa alilitaja, herufi kwa herufi.

"Kiwanja ni yenu?"

"Ni changu," alisema Speciosa, akikaza sauti kwenye *changu* ili msichana ajifunze.

"Nyumba iko?"

Kwa Kiswahili cha mwambao ule wa ziwa, swali hilo limekamilika. Iko maana yake ipo, imesimama, ukienda utagonga mlango. Lakini kwa sikio la Tabora hiyo ni sentensi iliyokatwa mkia, inasubiri *wapi*. Speciosa alikuwa ametumia miaka thelathini kuwamalizia wanafunzi sentensi zao. Alimmalizia na Agneta.

"Iko Minago," alisema. "Juu ya barabara, ukishapita kanisa."

Agneta aliandika: iko. Akapiga muhuri, akapuliza wino ukauke, akafunga daftari.

"Mutarudi nyuma ya juma mbili."

Mchana huo mvua ilinyesha Minago. Speciosa aliikuta njiani, akashuka kwenye pikipiki akiwa ameloa, akakimbilia kibarazani kwa Mwasiti. Walisimama wote wawili wakitazama upande wa pili wa ua wa miti ya miyenzi uliotenganisha viwanja vyao. Mvua ilikuwa kubwa, udongo ulikuwa unatiririka, ila katikati ya kiwanja cha Speciosa palibaki pakavu. Palikuwa na mita nane kwa kumi, na kidogo zaidi upande wa ziwa, mahali pa ukumbi. Maji yalifika juu ya sehemu hiyo, kwenye kimo cha paa, yakagawanyika, yakamwagika pande mbili.

"Nyumba yako imekuja," alisema Mwasiti.

"Mapema," alisema Speciosa.

Mwasiti alikuwa na muhogo wake mkekani, unalowa. Aliubeba mbio kwenda kule pakavu, akajigonga paji la uso ukutani, akatukana kidogo, akazunguka hadi upande wa mbele na kuingia mlangoni. Muhogo ulikauka vizuri. Jioni alisema ndani mle hapana joto, na kwamba aliyejenga anajua kazi.

Aliyechora alikuwa fundi Éphraïm, mtu wa Fizi, aliyevuka ziwa na mke na watoto kutafuta usalama na kazi upande huu. Alikuja na baiskeli siku ya pili, akazipapasa kuta kwa viganja, akapima pembe kwa kamba. Nyumba haikuonekana hata tofali moja, lakini ilikuwa ile ile ya mchoro wake, pamoja na kosa lake. Kati ya sebule na chumba cha kulala hapakuwa na mlango.

"Fundi," alisema Speciosa, "mimi nitapitaje kwenda kulala?"

"Mimi nilichora venye mulisema, mama. Mulisema saloni, mulisema chumba, mulisema ukumbi wa kutazama maji. Mulango ya kati hamukusema."

Basi ikawa hivyo. Speciosa aliacha chumba alichokuwa amepanga karibu na shule, akaleta godoro, meza, viti viwili na jiko la mkaa. Mlangoni alitundika pazia la maua ili watu wajue pa kuingilia. Kwenda kulala alitoka nje, akazunguka na kupitia dirishani, jambo ambalo kwa mwanamke wa umri wake lilihitaji kujipanga. Waliopita barabarani walimwona ameketi peupe anasahihisha madaftari, na hakuna aliyemsalimia kutoka pembeni. Walikuja hadi kwenye pazia, wakapiga hodi, wakasubiri.

Wiki mbili zilipotimia alirudi ofisini kuchukua kibali. Agneta alimpokea kwa uso wa huruma.

"Haiwezekani, mama. Otorizasiyo tunatoa kwa nyumba yenye haiko. Yenu iko."

"Haijajengwa."

"Haijajengwa, lakini iko. Na ndiyo mubaya zaidi, juu iko bila ruhusa."

Speciosa alivuta kiti, akaketi, akamfundisha. Alimweleza tofauti ya *ipo*, *iko* na *imo*, akampa mifano mitatu ya kila moja, akamwonyesha swali lake lilivyokuwa limekaa na jinsi lilivyopaswa kukaa. Alimaliza akiwa ameridhika, maana lilikuwa somo zuri. Agneta aliandika yote kwenye kijitabu chake mwenyewe, kwa sababu alipenda kujua. Halafu alisema kwamba somo haliwezi kufuta daftari. Daftari hufutwa na fundi wa vipimo tu, akienda kuona kwa macho.

Fundi wa vipimo aliitwa Hakimu, na alikuwa mtu mwaminifu. Hakupokea soda kwa mtu, hakuandika kitu asichokigusa. Alifika Minago siku ya Ijumaa na buti zake, akafunua utepe, akagonga ukuta wa Speciosa mara tatu kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Ulilia kama ukuta. Alipima nane, akapima kumi, akapima ukumbi, akaandika kwenye karatasi yake: iko.

"Lakini huioni," alisema Speciosa.

"Mama, hata upepo siuoni."

Baada ya hapo ilibaki kupima umbali wa kiwanja kutoka ziwani, kwa sababu tangu maji yalipopanda na kula mitaa ya watu, hairuhusiwi kujenga ndani ya mita mia moja na hamsini. Hakimu alihitaji mtu wa kumshikia ncha ya utepe. Speciosa aliishika. Waliteremka, wakavuka barabara, wakapita kwenye mihogo, na chini kabisa, hatua thelathini kutoka kwenye maji, wakafikia hoteli.

Ilikuwa ya ghorofa tatu, rangi ya maziwa, na vioo vya buluu. Mwenyewe alikuwa mkubwa mmoja wa Bujumbura ambaye watu walimtaja kwa kuinua nyusi tu. Ilikuwa imejengwa mwaka mmoja baada ya maji kuwafukuza wavuvi mahali pale pale, wavuvi walioambiwa kwamba hapo pasijengwe tena hata banda la kuku.

Hakimu hakupunguza mwendo. Aliingia ukutani na utepe wake mkononi. Kupitia vioo Speciosa alimwona anakatiza katikati ya meza, wateja wanakula samaki wa mukeke, mhudumu ananyanyua sahani juu na kumwambia pole, shefu. Hakimu hakugeuka. Alitokea upande wa pili, akachutama mchangani, akasoma namba. Speciosa yeye ilibidi azunguke, akanyage maua, apite kwenye mlango wa jikoni ambako walimkaripia. Utepe ulikuwa umekatiza jengo zima kutoka ukuta hadi ukuta, umenyooka vizuri.

"Mia mbili na kumi na mbili," alisema Hakimu. "Kiwanja chenu hakina shida."

"Na hapa ulipopita, pana nini?"

"Hapa? Muchanga tu, mama."

"Na hayo mawese kwenye mkono wa shati lako?"

Hakimu aliangalia. Kweli shati lilikuwa na doa jekundu, bado la moto. Alilifikiria kwa haki, kama alivyofikiria kila kitu.

"Itakuwa ya asubuhi," alisema, akaanza kukunja utepe.

Speciosa hakulala na jambo hilo. Jumatatu alikuwa tena kwenye benchi. Alimwomba Agneta amtazamie hoteli daftarini, na Agneta, ambaye hakuwa na roho ya kumnyima mtu kitu kilicho wazi kwa wote, alipekua kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, akilowesha kidole.

"Haiko."

"Kwa nini haiko?"

"Mwenyewe hakukuya. Nyumba yenye hawakuleta hapa, haiko, mama. Hatuwezi kuvunja kitu yenye haiko."

Alisema kwa upole, kama anayemwelekeza mtu njia ya kwenda sokoni. Speciosa alikasirika mpaka masikio yakapata moto. Hakumkasirikia Agneta. Aliikasirikia miguu yake mwenyewe iliyomleta pale alfajiri, awe wa kwanza, na picha mbili na mchoro, wakati mwenye ghorofa tatu alikuwa amelala. Alitazama daftari lile na kuona kwamba lilikuwa na majina ya walimu, wauza samaki wa ndagala, wajane na washonaji, watu waliokuja wenyewe kuomba. Mkubwa hata mmoja hakuwemo.

Barua ya kubomoa ilikuja wiki ya mwisho ya Mei. Iliamuru nyumba iliyoko Minago bila ruhusa iondolewe kwa gharama ya komine, jambo ambalo Mwasiti aliliona la kiungwana. Walikuja vijana wanne na nyundo kubwa na toroli. Waliomba maji ya kunywa, Speciosa akawapa, maana nao walikuwa kazini. Mmoja alilishusha pazia la maua, akalikunja vizuri, akamkabidhi kwa mikono miwili. Kisha walipanda juu, na mabati yakaanza kulia.

Ilichukua siku nzima. Hapakuonekana kitu isipokuwa vijana wanne wanaotoka jasho na kupiga hewa, lakini kila pigo lilisikika, matofali yalianguka, vumbi liliingia machoni mwa majirani waliokuja kutazama. Ukuta wa sebule uliwashinda hadi alasiri. Éphraïm, aliyekuwa amesimama barabarani na baiskeli yake, alishindwa kuficha fahari. Kijana mmoja alijikwaa kwenye kifusi akang'oka ukucha. Mwasiti alilia. Alikuwa ameshazoea kuanika muhogo wake kule.

Saa kumi na moja walimpa Speciosa karatasi yenye muhuri. Iliandikwa kwa ule mwandiko mzuri: imethibitishwa kwamba nyumba haiko.

Aliisoma mara mbili. Akaikunja, akaiweka kifuani, akamwita fundi.

"Kesho tunaanza msingi."

Éphraïm alitazama huku na huku. "Bila otorizasiyo, mama? Bakikuya kukagua?"

"Watapita tu. Mimi sasa nimekijua Kiswahili chao."

"Na mulango ya kati?"

"Uweke. Uweke na wa nyuma pia."

Walijenga kwa siku ishirini na sita. Éphraïm alileta shemeji zake wawili, Mwasiti alipika, wanafunzi wa darasa la sita walibeba mchanga baada ya masomo na kujifunza hesabu za ujazo palepale. Safari hii nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, mekundu, na mabati yaliyowaka mchana hadi wavuvi wakayatumia kujua walipo. Kila mtu wa Minago aliiona. Hakimu alipita mara moja akiwa na kazi ya mtu mwingine. Aliingia kupitia ukuta wa jiko na kutokea chumbani, akiandika. Speciosa alisogeza sufuria ya maharage ili asiungue, akaendelea kukoroga.

Tarehe ishirini na nane Juni alilala ndani ya nyumba yake, akaenda chumbani kwa kupita mlangoni kama watu wote. Alifurahi. Alifurahi waziwazi, akaimba peke yake, nyimbo mbili za kwaya na moja ambayo si ya kwaya.

Tarehe mbili Julai, sikukuu ya uhuru ikiwa imepita, Agneta alikuja mwenyewe na barua. Aliona ni utovu wa adabu kumtumia mama kama huyu mjumbe. Alisimama katikati ya sebule, kati ya meza na kabati, akikunja uso na kujikinga jua kwa bahasha. Juu yake palikuwa na mabati mapya na chini ya mabati palikuwa na dari, lakini jua la kiangazi lilimpiga utosini na jasho lilimtiririka shingoni.

"Karibu ukae, mwanangu."

"Hapana, mama. Hapa jua ni kali sana."

Speciosa aliingia chumbani, akatoka na mwavuli, akaufungua, akamshikia juu ya kichwa. "Murakoze," alishukuru Agneta, akapata nafuu, akasoma. Kiwanja kilikaguliwa. Tarehe thelathini Juni kilikutwa kitupu. Kimerudi mikononi mwa komine.

"Kwa hiyo mtanitoa," alisema Speciosa.

"Kukutoa wapi? Nyumba haiko. Mutu hatoki kwenye haiko nyumba." Agneta alikuwa na hakika kabisa, na alitaka kumfariji. "Hakuna mutu atakuya kuwasumbua, mama. Hata kidogo."

"Na mimi mwenyewe umeniandika wapi?"

Agneta alitoa orodha ya wakaaji kwenye mkoba. Alieleza kwamba mtu asiye na nyumba wala kiwanja hawezi kubaki kwenye orodha, na kuacha mstari mtupu hairuhusiwi. Hivyo ameandikwa kwamba amerudi alikotoka. Alimwonyesha kwa kidole. *Speciosa, mwalimu. Amerudi Tanzania.* Wino ulikuwa wa asubuhi hiyo.

Speciosa aliusoma mstari ule akiwa ameshika mwavuli. Iliuma. Iliuma kuliko siku ya nyundo, kwa sababu nyumba mtu hujenga nyingine. Hata hivyo alitia sahihi kwamba barua imefika, akamsindikiza Agneta hadi barabarani, akamwambia abaki na mwavuli hadi apate pikipiki.

Aliporudi sebuleni simu yake iliita mlio mfupi mezani. Ulikuwa ujumbe wa mtandao. Ulimkaribisha Tanzania, ukamtakia mapumziko mema, ukamjulisha bei mpya ya kupiga simu nyumbani.

Alipandisha miwani, akasoma tena neno la mwisho. Jioni alijaribu kumpigia Mwasiti aje wainue kitanda, na sauti ya mwanamke ikamweleza kwa Kiswahili safi kabisa kwamba namba hiyo iko nchi nyingine na salio halitoshi. Speciosa aliweka simu kwenye droo. Alitoka ukumbini, akaweka mikono miwili mdomoni na kumwita Mwasiti kwa jina, juu ya ua, mara moja tu. Mwasiti akaitika, akaja na kijana wake, wakakiinua kitanda wakakisogeza dirishani.